Kompyuta na Mgongo wa Mwanafunzi

Kiswahili kiliipa kompyuta ya kubebwa jina zuri kuliko lile la watengenezaji wake. Kiliiita kompyuta mpakato, na neno hilo latokana na kupakata, yaani kuweka juu ya mapaja kama mama awekavyo mtoto. Jina hili ni sifa, na ni sharti pia. Kitu kinachounguza mapaja kwa joto, kinachochosha mikono kwa uzito, na kisichoweza kukaa saa mbili mbali na waya wa ukutani, kina haki gani ya kuitwa mpakato? Walakini katika Dar es Salaam ya leo vitu vya namna hiyo ndivyo vipendekezwavyo kwa wanafunzi kama vitu vya lazima. Mzazi akaaye Mbagala, Tandika, Buza, Bunju au Kimara huambiwa kuwa asiponunua kompyuta yenye nguvu kubwa amemnunulia mwanawe nusu ya elimu.

Imani hii ina wahubiri wengi. Mwenye duka huisema kwa kuwa ina faida. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu huisema kwa kuwa aliinunua mwenyewe, na hapendi kuwa peke yake katika hasara. Na wako walimu waisemao kwa sababu kazi waitoayo yahitaji mashine ambayo chuo chao hakina. Basi badala ya kuidai kwa chuo huidai kwa mwanafunzi, ambaye hana sauti ya kukataa. Hao wa mwisho ndio wastahilio kujibiwa zaidi, na jibu lao litakuja. Lakini kwanza yafaa kuitazama njia ambamo mashine hiyo itapita kila siku, kwa kuwa wahubiri wote watatu huizungumza kama kwamba itazaliwa mezani na kufia mezani.

Na achukuliwe mwanafunzi akaaye Chamazi na kusoma Mlimani. Mkoa huu ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na wengi wao hulala pembeni mwa mji na kufuata riziki au masomo mahali pengine. Kabla ya saa kumi na mbili alfajiri mwanafunzi huyu yumo katika msongamano wa kituo cha Rangi Tatu. Akipata gari, aghalabu husimama. Begi lake hulibeba kifuani badala ya mgongoni, kwa maana mgongo hauna macho na vibaka wanayo. Gari lapita Barabara ya Kilwa, laingia Barabara ya Mandela, lasimama Buguruni, lasimama Tabata, hata lifike Ubungo. Na huko bado hajafika, kwani Mlimani haukuitwa mlima kwa mzaha. Jioni safari hiyo hurudiwa kinyume, na siku ya foleni kubwa saa zake za barabarani zaweza kuzipita saa zake za darasani.

Kompyuta nyepesi ya kawaida ina uzito wa kilo 1 na robo hadi kilo 1 na nusu, na chaja yake ni kama robo kilo au zaidi kidogo. Ile yenye nguvu, yenye prosesa kubwa na kadi ya michoro ya peke yake, ni kilo 2 na robo au 2 na nusu, pengine hupita hapo. Na chaja yake, ambayo ni tofali jeusi lililofungwa waya, huongeza nusu kilo hata kukaribia kilo nzima. Tofauti yao basi ni kilo 1 hadi 2. Muuzaji huinyanyua kubwa kwa mkono mmoja juu ya meza ya kioo na kusema kuwa si nzito hata kidogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye huinyanyua mara moja kwa dakika moja; mwanafunzi ataibeba kwenda na kurudi, siku tano au sita za juma, kwa miaka mitatu au minne, pamoja na vitabu, maji na chakula alichofungiwa nyumbani. Matokeo yajulikana na kila aliyekaa bwenini au darasani: baada ya muhula mmoja kompyuta hiyo huachwa nyumbani, na mwenyewe huandika darasani kwa kalamu na kusoma makala katika simu. Nguvu ile yote ipo, lakini ipo Chamazi.

Habari ya umeme ni kubwa kuliko ya uzito. Betri hupimwa kwa wati-saa, na hesabu yake mtoto wa shule aweza kuifanya. Betri ya wati-saa 50, katika kompyuta ilayo wati 7 au 8 wakati wa kuandika na kusoma, hutoa saa 6 hadi 7. Kompyuta kubwa yenye betri ya wati-saa 80, ikila wati 20 hata katika kazi ndogo ya kuandika barua, hutoa saa 4. Na ikifanya kazi ile iliyonunuliwa kuifanya, ya wati 100 na kupita, haimalizi saa moja. Wala tatizo hili halitibiki kwa kuongeza betri, maana mashirika ya ndege kwa kawaida humruhusu abiria betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba ruhusa, na kwa ajili hiyo hata jitu la kilo 3 hubaki chini ya mpaka huo. Nguvu imepanda, ghala lake halikupanda nayo.

Watasema kuwa umeme si shida tena. Ni kweli kwamba nchi ilikuwa katika mgawo mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa mwaka 2024, na kwamba mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji uliwashwa Februari 2024, nayo mitambo yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Ni neema kubwa, na mwenye kuibeza hana shukrani. Lakini umeme ulioko Rufiji si lazima uwemo chumbani Buza. Kati ya mahali hapo pawili zimo nyaya, nguzo, transfoma ya mtaa iliyozidiwa, mvua ya masika, na uniti za LUKU zilizokwisha usiku wa manane wakati mwenye nyumba amelala. Chumba cha kupanga chenye watu wanne mara nyingi kina soketi moja, nayo hugombewa na simu nne, pasi, na feni. Mwenye kompyuta ya wati 7 huchaji jioni na kusoma usiku bila kumwomba mtu. Mwenye ile nyingine huketi karibu na soketi kama ng'ombe aliyefungwa kambani, na soketi ikizimika naye huzimika.

Tena liko joto, ambalo matangazo ya biashara hayalitaji. Umeme wote ulao prosesa huishia kuwa joto. Ulaji huo hauendi sambamba na kasi: kasi ikipandishwa, volteji nayo hupandishwa, na ulaji hukua kwa mraba wa volteji, hata sehemu ya mwisho ya kasi huwa ndiyo ghali kuliko zote. Joto hilo lazima litupwe nje kwa feni. Hewa ya chumba cha bati mwezi Februari, yenye joto la nyuzi 32 na zaidi, haipozi kama hewa ya chumba baridi ambamo mashine ilipimwa na kusifiwa. Na feni ivutayo hewa huvuta na vumbi la barabara isiyo na lami. Mashine ikishindwa kujipoza hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Basi aliyelipia nguvu nzima Kariakoo hupewa sehemu yake tu Temeke, na fedha ya sehemu iliyobaki harudishiwi na mtu.

Si mara ya kwanza kwa ulimwengu kudanganyika juu ya jambo hili. Kompyuta ya Osborne iliyouzwa Marekani mwaka 1981 ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo chake kilikuwa cha inchi 5, na betri haikuwamo. Hata hivyo iliitwa ya kubebwa, na kwa kweli ilibebwa, kama sanduku la cherehani libebwavyo. Miaka 27 baadaye, Januari 2008, Steve Jobs alitoa kompyuta ya kilo 1.36 katika bahasha ya karatasi mbele ya watu. Kati ya sanduku na bahasha kuna historia nzima ya watu waliotumia akili yao kupunguza uzito, na ni ajabu kwamba juhudi hiyo ilipofanikiwa, mwanafunzi maskini wa mji wa joto na foleni ndiye aambiwaye kurudi kwenye sanduku.

Tanzania yenyewe ilipata kuujua uzito wa kompyuta kwa namna nyingine. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali, baada ya jaribio la kuzitia hesabu za serikali katika mashine kuleta gharama na mvurugo. Marufuku ile imelaumiwa sana tangu hapo, na kwa haki, kwa sababu iliichelewesha nchi. Lakini maswali yaliyokuwa nyuma yake hayakuwa ya kijinga: mashine hii ni ya kazi gani, nani ataitengeneza ikiharibika, na fedha hii ingefanya nini mahali pengine? Siku hizi marufuku haipo, na maswali yameondoka pamoja nayo. Wizara ilipokosea iliandikwa katika historia. Mzazi wa Mbagala akikosea hujua peke yake, wakati ada ya muhula wa pili ifikapo na kiwanja kimekwisha kuuzwa.

Na kazi ni ipi? Hapa pana kufikiri kuchache mno. Mwanafunzi wa fasihi, sheria, historia, elimu, uchumi au uhasibu huandika, husoma, hutafuta na huhesabu. Riwaya ya kurasa 300 haizidi herufi laki sita au zaidi kidogo, na maktaba nzima ya riwaya za namna hiyo, ikiwa ni maandishi matupu, hukaa katika pembe ndogo ya diski ya kompyuta yoyote iuzwayo leo. Mtafiti aliyewahoji watu 1,000 kwa maswali 50 amerudi na majibu 50,000. Hesabu hiyo yaonekana kubwa kwa aliyetembea nyumba kwa nyumba Keko na Mtoni kuikusanya, na ni kubwa kweli. Lakini kwa kompyuta nyepesi ni kazi ya kupepesa jicho. Kinachomchelewesha mtafiti huyo ni kupata kibali, ni kuwapata wahojiwa, ni kufikiri. Hakuna prosesa ifupishayo lolote katika hayo. Yamtosha kumbukumbu ya gigabaiti 8, na 16 ikipatikana ni bora. Diski isiyo na sahani ya kuzunguka. Kibodi isiyoumiza vidole. Na kioo kisomekacho chini ya mwembe. Vilivyobaki ni mapambo, na katika mapambo hayo lililo la kuchekesha kuliko yote ni taa za rangi chini ya vibonye, ambazo zimewashawishi wengi kuwa kompyuta ing'aayo usiku hufikiri vizuri zaidi mchana.

Iko hoja yenye heshima kidogo, isemayo kuwa kubwa hudumu zaidi: nunua nguvu ya ziada leo ikufae miaka ijayo. Hoja hii huichukua nguvu ya kompyuta kama akiba ya benki, ambayo isipotumiwa hubaki. Haibaki. Betri huzeeka hata ikilala, na joto huizeesha upesi. Tena umri wa kompyuta hukatwa na mambo yasiyohusu nguvu yake. Kampuni ya Microsoft ilipotangaza Windows 11 mwaka 2021, ilikubali kwa jumla prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, na kuzikataa karibu zote za kabla yake. Hivyo kompyuta ya nguvu kubwa ya mwaka 2016, iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ili idumu, iliachwa nje ya mlango, na kompyuta nyepesi ya kiofisi ya mwaka 2018, yenye nguvu ndogo kuliko hiyo, ikapita. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Wako waliohamia Linux na kuendelea salama, nao ni hodari. Lakini hao waliokolewa na maarifa. Wati zao hazikuwasaidia neno.

Haki yataka kukiri kuwa wako wasiotoshwa na kompyuta nyepesi. Mwanafunzi wa usanifu majengo achoraye nyumba katika Revit, mhandisi apimaye mikazo ya daraja, mjiolojia, mwenye kufundisha mashine kutambua sauti za Kiswahili, kijana wa Sinza ahaririye filamu: hao kazi yao hula nguvu kweli, na kumwambia mmoja wao aifanye kwa kompyuta ya wati 7 ni kumdhihaki. Lakini kukiri huko ndiko kuanzako jibu la wale walimu. Kazi za namna hii hazifanywi ndani ya daladala wala chini ya mwembe. Hufanywa pahala pamoja, kwa saa nyingi, mbele ya kioo kikubwa, penye umeme wa hakika. Kwa hiyo mashine yake ya haki ni ile ikaayo mezani, ambayo kwa bei ile ile hutoa nguvu zaidi, hujipoza vizuri zaidi, hufunguliwa kwa bisibisi moja, na haibebwi na mtu. Mashine kama hiyo yafaa iwe ya chuo, na itumiwe na wanafunzi kumi kwa zamu, maana hata mchora majengo hachori saa ishirini na nne.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Ubishi wa nyepesi na yenye nguvu umefanywa kuwa ubishi wa tabia ya mnunuzi, kama kwamba mmoja ni mwerevu na mwingine ni mzembe; kumbe chini yake kuna mzigo uliohamishwa kimya kimya. Zamani za mashine kubwa mwanafunzi aliifuata kompyuta katika chumba cha chuo, akangoja zamu yake, na umeme, feni, kufuli na fundi vilikuwa juu ya chuo. Leo vyote vinne viko juu ya mwanafunzi, na vyaitwa maendeleo. Chuo kitoacho kazi ya gigabaiti 16 kwa darasa la watu mia mbili, bila chumba chenye mashine za kuifanyia, kimetoza ada ya pili isiyoandikwa katika karatasi yoyote. Anayeilipa kwa urahisi ni yule akaaye Masaki na kuletwa kwa gari la baba. Akaaye Chamazi hulipa kwa kiwanja, kisha kwa bega.

Wala wapenzi wa wepesi wasifurahi upesi. Wepesi nao umefanyiwa hila. Ili kupunguza milimita mbili za unene, watengenezaji wengi wamelehemu kumbukumbu katika ubao wenyewe, wamegundisha betri kwa gundi, na wamefanya kibodi kuwa kitu kimoja na kifuniko. Ile ya bahasha ya mwaka 2008 ilikuwa hivyo tayari: kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti 2, na haikuongezeka hata siku moja. Kompyuta kama hiyo ikimwagikiwa chai fundi wa Kariakoo huitazama kwa huruma, na mwenye nayo huambiwa anunue nyingine. Mwanafunzi aliyekimbia uzito wa kilo mbili ameangukia uzito wa namna nyingine, usiopimika kwa mizani, nao ni kutoweza kutengenezewa mali yake katika mji wenye mafundi tele.

Wasiofuata mtindo wamekwisha kuiona njia iliyo bora, nayo iko katika maduka ya vitu vilivyotumika, ambako kompyuta zilizostaafu katika ofisi za ng'ambo huja kuanza maisha ya pili. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, mathalan, ina uzito wa kilo 1.6 hivi, ina nafasi mbili za kumbukumbu zifunguliwazo kwa mkono, na ina betri mbili, moja ndani na moja nje, hivi kwamba ya nje hutolewa na nyingine kuwekwa bila kuizima. EliteBook na Latitude za kiofisi za miaka hiyo hazina betri ya nje ya kubadili, lakini nyingi kati yake hufunguka na hutengenezeka vivyo hivyo. Hazina uzuri. Pembe zimechubuka, na pengine jina la kampuni ya Ulaya bado limebandikwa chini. Mnunuzi lazima aangalie mzunguko wa betri, ajaribu kila kibonye, na amwulize muuzaji prosesa ni ya kizazi gani, kwa sababu za kizazi cha saba bado zauzwa kwa maneno matamu. Lakini kompyuta hiyo hupita Barabara ya Mandela begani mwa mtu bila kumlaza na maumivu, husoma usiku umeme ukiwa umekatika, na ikiharibika hurudishwa kazini kwa kipuri cha mitumba na nusu siku ya fundi.

Inabaki ile kazi nzito, na chumba chake. Kwa gharama ya kompyuta za nguvu hamsini ambazo darasa moja hujinunulia, kila mmoja kwa taabu yake, chuo kingeweza kuweka mashine za mezani zaidi ya hamsini zenye nguvu kuzipita, na kuzitunza kwa madarasa matano yanayofuatana. Maktaba mpya ya Mlimani iliyofunguliwa mwaka 2018 yaonyesha kuwa jengo kubwa la watu wote laweza kujengwa na kujazwa wasomaji. Kwa chumba cha mashine shida si jengo tu, ni saa pia. Kikifungwa saa kumi alasiri, wakati vipindi ndiyo kwanza vinamalizika, ni chumba cha wageni wa heshima kuonyeshwa. Kikiwa wazi hadi saa tatu za usiku, mchora majengo wa Kimara na mhesabu wa Chamazi wamemaliza kazi zao, wamezihifadhi katika kitu kidogo kama kidole, na bado lipo gari la kuwarudisha Rangi Tatu.